Ng'ombe Ishirini Juu ya Mto Nu

Akaibo, fundi wa nyaya za kuvukia mto, alikuwa na mikono inayotangulia mdomo. Mkewe alilijua hilo, nguruwe wake walilijua, na binti yake wa pekee, Yenima, alilijua tangu hajaota meno. Mimi ni mtoto wa mama yake mdogo, na nyumba zetu zilitazamana mlimani. Mara nyingi nilimsikia akichapwa, nikaingia chini ya sakafu ya nyumba, walikolala nguruwe, nikaziba masikio. Alichapwa kwa kumwaga uji wa mahindi. Alichapwa kwa kujibu. Siku aliyofunga mikanda yake vibaya kwenye roda, lile gurudumu la chuma la kuvukia, akakaribia kuchomoka juu ya maji, alichapwa mpaka mama yangu akavuka uani na kumpokonya baba yake ule mkanda wa ngozi.

"Unataka kumuua?" mama alimfokea.

"Mto ndio utamuua," Akaibo akajibu huku anahema. "Mimi namfundisha."

Na kwa kweli alimfundisha. Kwetu wakati ule hakukuwa na daraja, na Mto Nu hauvukwi kwa kuogelea. Ulijifunga mikanda makalioni, ukaitundika kwenye roda, ukaikalisha roda juu ya waya wa chuma, ukajiachia. Waya mmoja ulikuwa wa kwenda ng'ambo, na mwingine, upande mto unakotokea, ulikuwa wa kurudi. Zote mbili alizifunga Akaibo, na hapakuwa na mtu bondeni asiyemheshimu kwa hilo, hata wale waliomchukia.

Yenima alikuwa na kichwa. Serikali ilimpeleka mji wa Dali kusomea ualimu, akarudi kufundisha hesabu na fizikia kwenye shule iliyo juu ya kijiji. Akawa mwanamke mrefu, mkimya, anayetembea kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesubiri kofi. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwahi kuinua fimbo. Baba yake hakumwita jina tena tangu arudi. Alimwita "Mwalimu", na alilitamka kama mtu anayetema ganda.

Msimu wa baada ya mashamba ya pamoja kugawiwa familia, watu walianza kulalamika kuhusu waya wa kwenda. Ulikuwa umelegea. Ukijiachia, ulishuka mbio mpaka karibu na katikati ya mto, roda ikasimama, na safari yote iliyobaki ulijivuta kwa mikono huku maji yananguruma chini ya miguu. Kwa mtu mwenye gunia ilikuwa adhabu. Kwa mwenye mnyama ilikuwa kilio.

"Mzee Akaibo, ukaze basi," walimwambia.

Akaukaza. Alifunga winchi ya mti kwenye mwamba, akawatia ng'ombe wawili kuizungusha, akavuta mpaka waya ukawa unatoa sauti ukiugonga kwa ukucha. Baada ya hapo ulikuwa unajiachia huku na kufika kule bila kugusa waya kwa mkono. Walimnywesha pombe ya mahindi siku ile, kila mmoja akitaka kunywa naye bakuli moja, shavu kwa shavu. Hata Yenima alivuka akafurahia upepo. Hakuwaza lolote.

Sasa, upande wetu kulikuwa na mama mjane mwenye wana watatu, na kama ilivyo kwetu waliitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa: Apu wa kwanza, Adeng wa pili, Ake wa tatu. Huyu Ake alikuwa mwepesi wa kupiga. Aligombana na Lawuye, mtu wa ng'ambo, juu ya mzinga wa nyuki wa porini uliokuwa kwenye jabali. Kila mmoja alidai ameuona kwanza. Ake akamgeuzia kitako cha upinde, maana pinde zetu zina vitako kama bunduki, na kumvunja meno ya mbele. Wazee wa pande zote wakakaa, wakaamua Ake apeleke ng'ombe kwa Lawuye, mambo yaishe.

Siku ya kumpeleka, watu walijaa kwenye ukingo kutazama. Ng'ombe alifungwa mikanda ya tumbo, akatundikwa kwenye roda kubwa ya mizigo, Ake akajitundika pembeni yake ili amtulize. Wakasukumwa. Walikwenda vizuri, kisha roda ikapunguza mwendo, ikasimama kabla ya kufika, usawa wa lile jiwe jeusi ambalo maji hayajawahi kulifunika, theluthi moja ya mto kutoka ng'ambo. Wakaning'inia pale wakiyumba.

Lawuye alikuwa kwenye nguzo ya upande wake, panga mkononi, kwa kuwa alikuwa anakata mianzi ya zizi la huyo ng'ombe.

"Nitupie kamba, we mapengo!" Ake alimpigia kelele. Watu wa upande wetu wakaangua kicheko.

"Ngoja kwanza uoge!" Lawuye akajibu, naye akicheka kwa mdomo uliobomoka.

Waya ukakatika.

Ulikatika kule kwenye nguzo ya Lawuye, kwa mlio kama wa bunduki. Ncha iliyofunguka iliruka juu ya mto ikapinda kama nyoka, ikafyeka vichwa vya mianzi upande wetu, na kipande cha uzi wake kikampasua Adeng shavu mpaka meno yakaonekana. Ake na ng'ombe walianguka pamoja. Tulimwona ng'ombe akiibuka mara moja, pembe juu. Ake hatukumwona.

Walimkuta bonde la chini, amebanwa kati ya mawe, bado amefungwa kwa mnyama. Uso haukuwapo. Mama yake alimtambua kwa kiraka cha suruali alichokishona mwenyewe.

Lawuye hakukimbia. Kabla hata mwili haujapatikana alivuka kwa waya wa kurudi, akaja mbio upande wetu kusaidia kutafuta, jasho linamchuruzika, panga bado kiunoni. Hilo ndilo lililomponza. Apu alimrukia kabla hajafungua mikanda.

"Umekata! Umemkata ndugu yangu!"

"Sijakata! Apu, na mimi nina uchungu, naapa sijakata!"

Walimpiga kwa mawe ya mtoni yaliyoshikwa viganjani. Walimpiga kwa mikanda yake mwenyewe. Adeng, shavu limefungwa kitambaa kilicholowa damu, alimkanyaga mgongoni mpaka tukasikia mbavu. Akaibo akachomoa lile panga, akalinyanyua juu watu walione.

"Tazameni pengo hili kwenye makali! Mianzi inamega chuma? Hili limegonga waya. Waya wangu haukatiki wenyewe. Nimeufunga mimi!"

"Na kwa nini Ake alikwama karibu na kwako?" Apu akamuuliza Lawuye, amemshika nywele. "Kitu kikining'inia kwenye waya kinakaa katikati. Kila mtoto anajua. Ulimnasa na nini?"

"Alisimama mwenyewe," Lawuye akasema, damu inabubujika. "Alisimama tu."

Polisi walikuwa mbali mjini, na maporomoko ya udongo yalikuwa yameila barabara. Mzee mmoja akasema neno ambalo lilikuwa halijatamkwa tangu serikali ilikataze: chungu. Zamani kwetu mtu aliyetuhumiwa na kukana alitakiwa kuingiza mkono kwenye maji yanayotokota na kutoa jiwe. Mkono ukitoka mzima, hana hatia. Watu waliitikia kwa sauti moja. Kuni zikaletwa. Mchana ule ule, uani kwa yule mjane, moto ukawashwa chini ya chungu cha kupikia chakula cha nguruwe.

Yenima alifika kutoka shuleni wakati maji yanaanza kutoa mvuke. Alimwona Lawuye amefungwa, akamwona baba yake anachochea moto. Mimi nilikuwa karibu naye. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ake alisimama wapi? Mahali hasa?"

"Usawa wa jiwe jeusi."

"Una hakika?"

"Sote tulimwona."

Akageuka akashuka mtoni anakimbia. Nikamfuata. Alichukua kaa la moto uliozimika, akapiga magoti kwenye mwamba wa nguzo, akaanza kuchora: mstari wa mto, nguzo mbili, roda. Kaa likavunjika, akaendelea na kipande.

"Roda inateleza bure kwenye waya," alisema, sijui ananiambia mimi au anajiambia. "Kwa hiyo waya unavuta sawa kushoto na kulia. Kama unavuta sawa, roda haitulii mpaka pande zote mbili ziwe na mwinamo mmoja. Si katikati ya mto. Ni pale mwinamo unapolingana."

Upana kutoka nguzo hadi nguzo ulikuwa mita mia na ishirini, na nguzo ya ng'ambo iko chini ya yetu kwa mita moja. Baba yake alikuwa amepima kwa mpira uliojazwa maji, unaoonyesha usawa wa pande mbili, na kujisifu maisha yake yote. Ake alisimama kwenye jiwe jeusi, yaani mita themanini kutoka kwetu, arobaini kutoka kule. Mwinamo ni uleule, lakini kwetu waya unashuka mita moja zaidi kuliko kule, na mita hiyo imeshuka katika zile mita arobaini za ziada. Basi mwinamo ni mita moja kwa kila arobaini. Waya ulikuwa karibu umenyooka kabisa.

Akaandika tena. Waya ulionyooka hivyo, ili uinue kilo moja kwenda juu, lazima uvute kilo arobaini kwenda pembeni. Pande ni mbili, zinagawana mzigo. Akapiga mstari chini ya jibu.

"Ishirini," alisema. "Ng'ombe mmoja, lakini waya ulibeba ng'ombe ishirini."

"Na zamani? Ulipokuwa umelegea?"

"Watatu. Watatu na kidogo." Akafunika mdomo kwa mkono mweusi wa makaa. "Ni baba."

Hapo ndipo tuliposikia yowe. Sijui nifananishe na nini. Tulipanda mbio, lakini Apu na wenzake walikuwa wameshauzamisha mkono wa Lawuye mpaka kwenye kiwiko. Jiwe alilitoa. Lilikuwa limeanguka majivuni, na yeye ameanguka karibu nalo, na ngozi ya mkono imemtoka kama soksi.

"Mnaona?" Akaibo alikuwa anapiga kelele. "Umeiva! Chungu kimesema!"

Adeng alikuwa ameshatia mshale kwenye upinde, mshale wa sumu tunaopigia dubu. Yenima akapita katikati yao, akasimama mbele ya mtu aliyelala.

"Toka hapo, Mwalimu," Adeng akasema. Maneno yalimtoka kwa shida kwa lile shavu.

"Nataka kamba," Yenima akasema. "Kamba moja, roda, na jiwe la kusagia mahindi. Halafu utanipiga mimi ukitaka."

"Anataka kufundisha darasa!" mtu akacheka kwa hasira.

Lakini mama mjane, aliyekuwa amekaa kando ya mwili wa mwanawe, akasema, "Mpeni."

Yenima akafunga jiwe la kusagia kwenye roda, akaikalisha roda kwenye kamba ya katani. "Apu, wewe una nguvu kuliko wote hapa. Shika ncha hii. Na mwingine mwenye nguvu ashike ile."

"Mimi hapa," Akaibo akasema. Hakuwahi kumwachia mtu mwingine kamba.

Waliinua, kamba imelegea, jiwe likaning'inia kwenye magoti yao. Hata hawakutoa jasho.

"Sasa inyoosheni," Yenima akasema. "Inyooke kama waya wa kwenda ulivyokuwa. Baba, ikaze."

Walivuta. Jiwe likapanda kidogo, likagoma. Walirudi nyuma, visigino vikachimba udongo. Mishipa ikamsimama Apu shingoni. Kamba ilikuwa bado imepinda.

"Kaza!"

"Tunakaza!"

"Jiwe ni lilelile mlilolibeba kama mchezo. Kaza!"

Kamba ikateleza viganjani mwa Apu ikamchuna, akaguta. Akaibo hakuachia. Ilimvuta kifudifudi, akaanguka kwa magoti, kisha kwa uso. Alipoinuka, viganja vyake vilikuwa vinavuja damu, na alikuwa anavitazama kama vya mtu mwingine. Nilimwona akielewa. Hakuelewa kwa kichwa, alielewa kwa mabega yale yaliyofunga nyaya miaka yote.

"Waya ukilegea unabeba," Yenima akasema. "Ukinyooka unajiua. Na ukinyooka, hiyo mita moja ya tofauti inatosha kuipeleka roda mpaka jiwe jeusi. Lawuye hakumnasa mtu. Aliyeukaza waya..."

Apu akageuka polepole kumtazama Akaibo.

"Nyie ndio mliniambia niukaze!" Akaibo akanguruma. "Nyote! Mlininywesha pombe!" Akamgeukia aliyekuwa karibu. Alimpiga binti yake ngumi ya sikio kwa nguvu zote zilizombakia. Yenima alianguka juu ya zile kuni za moto. Sikio lile halikusikia tena mpaka leo.

Apu akaokota roda. Ni chuma kizito, kinajaa mkono. Aliishusha begani mwa Akaibo, na mfupa ukalia kama tawi kavu. Akaipandisha tena. Pigo la pili lilimpata palepale. Watu walewale waliokuwa wanamsikiliza Akaibo dakika chache kabla walikuwa sasa wanampiga mateke, na mimi nilikuwa namvuta Yenima motoni, nguo inawaka, nikasikia Adeng akisema, "Ondokeni mbele."

Upinde ulikuwa juu. Mama yake akasimama mbele ya mshale.

"Shusha."

"Mama, huyu ndiye aliyemuua Ake!"

"Nimesikia. Shusha. Nina wana wawili sasa. Serikali ikija itachukua yupi, wewe au Apu? Nibaki na nani wa kunizikia huyu?"

Adeng alilia kwa mdomo uliochanika, akaushusha.

Polisi walipofika waliwachukua Akaibo na Apu wote wawili. Apu alirudi kabla ya mavuno. Akaibo alikaa ndani zaidi, na aliporudi bega lilikuwa limeunga vibaya, mkono wa kulia haupandi juu ya kifua. Waya mpya ulishafungwa na mafundi wengine, Yenima amesimama juu yao akiwakataza wasikaze. Watu walinung'unika kwamba wamerudia kujivuta kwa mikono. Aliwaacha wanung'unike.

Yenima alikwenda kumwona Lawuye, amembebea asali ya kupaka. Vidole vya Lawuye vilikuwa vimeshikana kama vya bata.

"Ulifika moto umewashwa," Lawuye alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakokotoa. Wasingenisikiliza bila jibu."

"Mwalimu, ungeanza na kelele. Ukokotoe baadaye."

Yenima akamnyooshea asali. Lawuye aliipokea, lakini hakumkaribisha kukaa.

Baba na binti waliishi miaka wakipishana njiani bila salamu. Siku moja ya mwaka mpya Akaibo alialikwa kunywa ng'ambo, akajitundika kwenye waya bila kumwambia mtu. Alishuka vizuri mpaka karibu na katikati, roda ikasimama, na mkono mmoja haukutosha kumvuta kupanda. Akaning'inia pale. Watu wakakusanyika ukingoni.

"Mzee, jivute! Pombe inapoa!"

"Mtupieni mkeka apumzikie!"

Yenima alishuka akijifunga mikanda. Alijiachia, akaja polepole akizuia roda kwa kigunia cha majani, mpaka akamgusa mgongoni.

"Nani huyo?"

"Mimi, baba."

Akaibo akatema mate mtoni. "Unaona waya wako? Umelegea kama utumbo. Ungeukaza kidogo tu."

"Hapana."

"Kidogo."

"Hata kidogo."

Walining'inia bega kwa bega, upepo unawazungusha. Maji ya Nu wakati wa baridi ni ya kijani, na yalikuwa yanapiga mawe kwa chini.

"Tuko wawili," Akaibo akasema baadaye, bila kumtazama. "Huu waya sasa hivi unabeba wangapi?"

Yenima alimgeuzia sikio zima, akamwomba arudie. Akarudia.

"Kama sita hivi," Yenima akasema.

"Sita." Alifikiri, akapapasa waya juu ya kichwa chake kwa mkono wa kushoto, akaubonyeza kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya zamani. "Utabeba."

"Utabeba, baba."

"Basi vuta, unangoja nini?"

Alifunga mkanda wake kwenye wa baba yake, akaanza kuvuta, mkono baada ya mkono, na kila bega lile lilipogonga roda mzee alimtukana, na yeye akavuta. Walipofika ng'ambo viganja vya Yenima vilikuwa vimechubuka na alishindwa kufungua vifungo. Akaibo alijifungua mwenyewe kwa mkono mmoja, akamfungulia na yeye, kisha akapanda njia kwenda kunywa, bila kushukuru.